Kapeti za Vipande za Polikarp

Polikarp hakuwa mwizi, tusimsingizie mtu. Mwizi huchukua. Polikarp alipewa, mchana kweupe, na aliyempa akamshukuru juu yake. Kwa hiyo alipoona ofisi moja mjini Songea inatupa kapeti za vipande vya mraba, zilizolowa masika yote chini ya paa linalovuja, yeye hakuona takataka. Aliona ndoa yake.

Alikuwa anampenda Dorine, kweli kabisa, na Jumamosi ndiyo siku ya kwenda posa kwa shangazi aliyemlea. Huendi posa mikono mitupu. Akazianika zile kapeti, akazisugua, akazipulizia marashi. Gundi akanunua ya nguvu, kusudi mteja asije akazirudisha. Akaingia nazo mtaa wa Bombambili.

Mama mmoja wa makamo alimwita mwenyewe kutoka barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo za nini, baba?"

"Za sakafu, mama. Kapeti nzima imepitwa na wakati. Mjukuu akimwaga uji, chumba chote kimeharibika. Hizi unabandua kipande kilichochafuka tu, unaweka kingine. Ulaya ndiyo mtindo."

Ulaya yenyewe aliijulia kwenye kalenda.

Mama akachagua kwa raha zake. Alitaka bluu, akahamia kijivu, mwisho akataka zichanganywe kama ubao wa drafti. Huku akiuliza: jina nani, kazi gani, unasali wapi. Polikarp alijibu yote akiwa amepiga magoti anabandika, moyo mweupe, maana mteja akianza kuuliza ya nyumbani ujue amenasa.

"Na mama mkwe wako ungemtandikia hizi?"

"Yeye ndiye niliyeanza naye," akasema bila kupepesa macho.

"Haya. Malipo Jumamosi asubuhi, nikishauza mahindi."

Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka dirishani. Nani amtilie shaka mwenye mahindi yake?

Jumamosi asubuhi alikuta mlango wa yule mama umefungwa. Akaazima koti la Osmund, mshenga wake, akashika njia ya stendi, maana Dorine siku zote alisema shangazi yake ni wa kijijini Mpitimbi.

"Unakwenda wapi?" Osmund akamvuta. "Shangazi Walburga amehamia mjini tangu mavuno."

Wakatembea mpaka kwenye baraza ambalo Polikarp alilijua kuliko alivyotaka.

Harufu iliwapokea kabla ya wenyeji. Hapo ndipo alipokumbuka jambo lisilokuwemo kwenye kalenda: mwanamke wa Songea hupiga deki kila asubuhi kwa ndoo ya maji, hata umtandikie dhahabu. Masika yaliyolala ndani ya zile kapeti yalikuwa yameamka yote. Wajomba walikaa vitini, mashangazi wameziba pua kwa khanga.

"Mshenga, kiti hicho," akasema Walburga. "Mwoaji chini. Kwetu mkwe siku ya kwanza hukaa chini."

Polikarp akakaa. Suruali ikanywa maji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Dorine alinionyesha picha yako zamani. Nilipokuona unapita nikasema, acha nimwone mkwe wangu akiwa kazini."

Osmund, asiyejua lolote, akasafisha koo. "Tumepita, tukaona ua zuri bustanini..."

"Ngoja, kuna faini kwanza."

Osmund akatoa bahasha.

"Hiyo rudisha. Huyu atabandua hivi vyote kwa mkono wake, kisha atuwekee marumaru mpya za dukani, kutoka sebuleni mpaka jikoni. Mahari tutaitaja tukiwa tumesimama juu ya marumaru hizo."

Polikarp alikuwa karibu kudai malipo yake. Dorine alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ambayo hakuwahi kuonja katika biashara zake zote.

"Mwanangu, chagua rangi," shangazi akamwambia.

"Nyeupe," akasema Dorine. "Uchafu uwe unaonekana."

Polikarp akavua koti la watu, akashika ncha ya kipande cha kwanza, akavuta. Hakikutoka. Katika biashara ile yote, kitu halisi kilikuwa kimoja tu, nacho ni gundi.