Salamu Zangu kwa Gikondo

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mkurugenzi. Saidi, cheka kabisa umalize, ndipo nisimulie.

Mnajua kampuni yetu ya kahawa imeungana na ile ya chai iliyoko mtaa wa Gikondo. Sasa kompyuta zetu na zao zinatakiwa ziongee. Kila moja ina nambari yake, lakini nani atakariri nambari zote hizo? Kwa hiyo naandika orodha: jina hili, nambari hii. Ukiita jina, kompyuta inatafuta nambari yake na kwenda kupiga hodi huko. Mafundi tuko wawili, mimi na Faustin wa Gikondo, na nafasi ni moja. Mkurugenzi mpya kasema atakayeziunganisha kwanza ndiye atakayebaki. Nikaapa: wallahi, sirudi kushona vifungo kwa shemeji! (Shemeji, usinune.)

Asubuhi nikamaliza orodha. Kuijaribu? Sikuijaribu. (Kiherehere.) Nikaenda moja kwa moja kumwita mkurugenzi, akaja na nusu ya ofisi nyuma yake.

Nikaita kompyuta ya Gikondo kwa jina. Papo hapo ikaitika! Watu wakapiga makofi. Nikaandika, "Hamjambo huko?" Kwenye skrini ikatokea, "Hamjambo huko?"

"Wana adabu," mkurugenzi akasema.

"Sana, patron!" Nikaandika, "Hatujambo." Nao, "Hatujambo."

Jamani, kichwa kilinivimba!

"Bon. Muulize Faustin kama lori la chai limefika."

Nikaandika, "Lori la chai limefika?" Jibu likaja: "Lori la chai limefika?"

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona, patron? Unamuuliza, naye anakuuliza. Ndivyo alivyo huyu Faustin." (Mungu anisamehe.)

Mkurugenzi akawaka. "Ghala liko kwake, halafu ananiuliza mimi?" Akanyakua simu, akapiga Gikondo. Faustin haongei, anapiga kelele, kwa hiyo sote tulimsikia.

"Kompyuta gani, patron? Huku umeme hauko tangu asubuhi! Tumekaa nje tunaota jua."

Macho yote kwangu. Nikafungua orodha yangu. Yarabi! Mbele ya jina la Gikondo nimeandika nambari ya kompyuta yangu mwenyewe.

"Sasa muda wote huu ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mimi, patron."

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Alipoweza kusema, akasema, "Mna mpaka Ijumaa, wewe na Faustin."

Nambari nimesharekebisha. Kesho naamkia Gikondo, nikae kando ya kompyuta yao mpaka umeme urudi, nione kwa macho yangu ikiitika. Nafasi hii siiachii, hata wanicheke mji mzima.

Ila mkinikuta njiani naongea peke yangu, msicheke. Niko kazini.