Panya wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Msitu huu una kinyongo na mimi. Nimefukia ndoo zangu zote ardhini hadi mdomoni. Nimesimamisha uzio wa nailoni katikati, ili mnyama mdogo aufuate na kutumbukia. Kilichotumbukia? Majani. Na jongoo mmoja, tena hana habari na mtu!

Ng'ambo ya barabara ya malori ya magogo yuko Kobe, kaka wa mke wangu. Yeye panya anaokota tu. Anamnyoa kila mmoja paja la kushoto, ili akinaswa tena ajulikane, anamwachia, anapiga mluzi. Mluzi wa kunikomoa.

Dokta, mkuu wa utafiti, kasema kwenda msitu ujao ataondoka na msaidizi mmoja tu, mwenye panya wengi. Mwingine arudi nyumbani. Na mke wangu ameshautangazia mtaa mzima kwamba mimi ni mtaalamu wa wanyama. Nitaweka wapi uso?

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Alfajiri, Kobe akikoroma, nikavuka na mfuko. Nikatoa panya wawili kwenye ndoo zake, nikawatia kwenye zangu. Mmoja kaniuma kidole. Hana shukrani.

Saa ya ukaguzi Dokta akamgeuza panya. Paja la kushoto limenyolewa. Upande wangu tunanyoa la kulia! Gizani nani anaangalia mapaja ya panya? 

Kumbe Dokta anafurahi. Akasema siku zote wamemwambia panya hawa hawathubutu kuvuka barabara, na huyu kavuka. Akanipa mkono. Kobe akanuna. Raha iliyoje!

Kisha Dokta akasema leo atafunga kamera inayojipiga yenyewe kando ya barabara, chini kwenye mzizi wa mti, awaone wakivuka. 

Jumatano, 5 Machi

Nilitaka kuacha, kweli. Lakini panya wakikoma ghafla, si ataniuliza? Nimevuka tena. Nimepita mbali kabisa na kamera. Nina uhakika.

Alhamisi, 6 Machi

Sikupita mbali.

Dokta alituita mezani, akafungua picha. Buti mbili, moja imezungushiwa kamba soli isibanduke, na mfuko unaning'inia. Akaitazama picha. Akaitazama miguu yangu. Hakufoka. Bora angefoka. Akaniambia nikafungashe.

Hapo Kobe akakohoa. Sikutarajia.

"Dokta, naomba umwache," akasema. "Huyu akirudi nyumbani, dada yangu atanipigia mimi simu kila siku."

 Dokta alikuwa ameshafika picha iliyofuata. Panya, katikati ya barabara, paja la kushoto limenyolewa, anaelekea upande wangu. Kwa miguu yake mwenyewe! Dokta aliruka na kiti chake. Mimi nilitaka kulia.

Akafuta daftarini panya wangu wote wa kuhamishwa, akambakiza huyo mmoja. Akasema msitu ujao atatuchukua sote wawili, ila mimi nisiguse mtego tena. Nitachimba mashimo ya ndoo tu. Ah! Nitachimba hata kisima! Nimemshukuru shemeji mpaka akanikimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala usingizi mtamu. Mizigo iko garini, moyo mweupe. Nimempigia mke wangu, nimemwambia nimepandishwa cheo.

Nimetafakari sana kosa langu, na nimeliona. Ile kamera inafungwa chini, inaishia magotini. Msitu ujao nitavaa buti za Kobe.