Dakika Sita za Mama Kirimi

Hii hamtaamini. Lakini iko na muhuri, na kitu ikishapigwa muhuri, nani wewe ukatae?

Serikali ilitangaza kuundwa kwa Kamati Ndogo ya Kupima Mwendo wa Wananchi Wanaotumia Oksijeni. Lengo: kuhakikisha hakuna mtu anapumua kiholela.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Felicitas, Mama Kirimi, muuza njahi, yale maharagwe meusi, soko ya Kianjai. Yeye ana presha, lakini si hii ya kupimwa kwa mkono. Yake iko kwa mishipa ya mapafu. Moyo unasukuma damu kama watu wanasukuma pikap imezama kwa matope. Daktari wa Embu alimpa mtungi mdogo wa magurudumu, na kapaipu ka kuweka kwa pua. Akiwa nayo, anatoka nyumbani mpaka kibanda chake bila kusimama. Bila hiyo, anakumbatia kila posti ya stima njiani. Sasa, mtungi haujazwi tena mpaka Kamati itie sahihi.

Mwenyekiti, Bwana Muthamia, alikuja na tepu na saa. Naibu wake, Kathure, alibeba muhuri.

"Mama, utatembea dakika sita bila hewa, halafu siku nyingine dakika sita na hewa. Hiyo ndiyo sayansi," akasema Muthamia.

Raundi ya kwanza ilikuwa asubuhi na mapema, barabara tupu. Felicitas alijikaza kwa sababu aliogopa serikali. Mita mia mbili themanini. Alimalizia kwa magoti, midomo imegeuka rangi ya zambarau.

"Anapaa!" Muthamia akaandika.

"Mkubwa... nakufa."

"Hiyo haina sehemu kwa fomu."

Raundi ya pili ilipangwa siku ya soko. Na mtungi, Felicitas alisikia anaweza kufika Muthara na arudi. Shida ni moja: utapita Kianjai siku ya soko na paipu kwa pua, usiulizwe?

"Mama Kirimi! Ni nini hiyo?" Mwiti wa viazi akamzuia.

"Ni hewa."

"Si hewa iko tu? Ama yetu haikutoshi siku hizi? Na hata hujanisalimia!"

Angefanya nini? Ukipita watu hapa bila salamu, siku ya shida utajibeba. Akaulizia ng'ombe ya Mwiti. Akaulizia goti ya Teresia wa kibanda cha pili. Akaulizia watoto, mmoja mmoja, na majina. Dakika sita zikaisha. Mita arobaini.

Muthamia akapiga hesabu kwa simu, akasafisha koo. "Kamati imebaini kwamba oksijeni inapunguza mwendo wa mwananchi kwa asilimia themanini na sita. Kwa usalama wenu, mitungi yote itarudishwa."

"Mkubwa, si nilikuwa nasalimia watu!"

"Salamu si dawa. Haziwezi kuathiri matokeo."

Felicitas akatoa paipu, akamnyooshea. "Basi vaa wewe, utembee hapo hapo. Ukifika mita mia moja, enda na mtungi."

Soko yote ilikuwa imesikia. Muthamia akavaa, akavuta tumbo ndani, akaondoka kama gwaride.

Hakufika mbali.

"Woi! Bwana Muthamia ni mgonjwa!"

Pasta mmoja alimkamata kichwa na mikono miwili, akaanza maombi. Na maombi haikimbiwi watu wakiwa wamefunga macho.

"Mimi ni mzima!" akapiga kelele.

"Hata marehemu mzee wangu alisema hivyo hivyo," Teresia akalia.

Kabla pasta afike amina ya kwanza, picha za simu zilikuwa zimeingia makao makuu ya Kamati. Dakika ya tano, simu ya Kathure ikalia: mwenyekiti ni mgonjwa, Kathure ndiye kaimu, kuanzia sasa. Dakika ya sita alikuwa amehamia kiti cha mbele cha gari ya Kamati. Tepu ikavutwa. Mita kumi na mbili.

"Kathure! Pigia ofisi! Waambie niko sawa!"

"Pole pole, mzee," Kathure akamjibu na sauti ya hospitali. "Usijichokeshe." Muthamia alijaribu kutoa paipu, watu wakamrudishia kwa upendo.

Kathure akamwita Felicitas kando ya gari. "Mama, kuna fomu ya shahidi. Wewe unajua hii ugonjwa kuliko sisi wote. Andika ulimwona anatembea kama mtu wa mapafu, na mtungi wako natia sahihi ya mwaka mzima, sasa hivi. Ukiandika ni mzima, atarudi kwa kiti. Na akirudi, ripoti yake inasimama."

Muthamia akasikia. Mtu ambaye hajawahi kuomba kitu akamwangalia na macho ya kuomba. "Mama Kirimi, aki, andika ukweli."

Felicitas akashika kalamu. Mita zilikuwa kumi na mbili, tena zimepimwa na tepu ya mzee mwenyewe. Pumzi ilikuwa imeanza kumkatikia hapo aliposimama, na mshale wa geji ya mtungi, hewa ikiishia kwa pua ya mtu mzima kabisa, ulikuwa unaingia kwa nyekundu.

Haya, wewe unayesoma: kalamu iko kwa mkono yako. Unaandika nini?