Vidonge vya Shemeji na Kombe la Drafti

Jumatatu, 4 Machi

Fainali ya drafti ya kiwanda chetu cha samani ni Jumamosi. Mimi dhidi ya shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kupaka vanishi. Kombe limekaa juu ya televisheni yake tangu mwaka jana. Kila nikienda kula kwake, analigeuza jina lake linitazame. Basi! Mwaka huu linahama.

Tatizo ni presha. Si presha yenyewe, dawa yake. Nilipewa ile ya kutoa maji mwilini. Nikimeza asubuhi, hadi mchana mimi na choo ni ndugu. Na sheria yetu ni kali: ukiinuka kitini mara tatu, umeshindwa. Ndivyo nilivyolikosa kombe mwaka jana, nikiwa na kingi mbili ubaoni! Roho inaniuma hadi leo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji naye ana presha. Yake ni dawa ya kulegeza mishipa, na imemletea kikohozi kikavu. Anakohoa pale pale unapopiga hesabu ya kete, akili inaruka. Silaha ya bure kabisa! Nimeitamani.

Nimepita duka la dawa, nikajifanya namuulizia jirani. Mfamasia, binti mpole, akanieleza: kuna za kutoa maji na chumvi, kuna za kulegeza mishipa, kuna za kupunguza kasi ya moyo, na kila mtu hupewa kulingana na mwili wake. Akasisitiza watu wasipeane. Nikamshukuru sana. Nilichotaka nimekipata: zote ni za presha.

Ijumaa, 8 Machi

Kikohozi kimemfukuza shemeji chumbani. Mkewe kachoka nacho, sasa shemeji analala kwenye kochi. Nikampa pole. Nikamwambia dawa yangu haikohozeshi hata kidogo. Uongo? Hapana. Niliacha tu kumalizia.

Tumebadilishana dawa nyuma ya stoo ya mbao. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita ndugu wa kweli. Nusura nione haya.

Jumamosi, 9 Machi

BINGWA!

Kikohozi hakikuja. Nimemeza dawa yake tangu alfajiri, kifua shwari! Nikajaribu kukohoa kwa nguvu, nikapaliwa na mate, mwamuzi akaniletea maji. Sikuyagusa. Mjinga nani?

Shemeji alianza vizuri, akanila kete tatu. Kisha goti likaanza kucheza chini ya meza. Akatoka mbio, akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu alikuwa amenibana kabisa, amebakiza hatua moja anishinde. Akatazama ubao. Akatazama mlango. Jasho likamtiririka. Akakimbia!

Wamenibeba juu juu hadi getini. Kombe liko juu ya televisheni yangu. Jina nitaandikisha kubwa.

Jumatatu, 11 Machi

Kliniki. Kichwa kinagonga tangu jana, nikadhani ni furaha. Muuguzi kanipima presha, kahamia mkono wa pili, kamwita mwenzake. Sikuipenda ile sura.

Kwenye benchi, nani? Shemeji. Kizunguzungu kimemwangusha kazini, midomo imemkauka. Alikwisha kumwaga kila kitu mbele ya daktari na mbele ya dada yake, ambaye ni mke wangu.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Baba yake mzazi alipata kiharusi sebuleni kwake, yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko hadi mwisho. Akaniuliza taratibu, "Ukipooza, hilo kombe utalishika kwa mkono upi?"

Niliogopa. Kweli niliogopa. Maana mkono wa kulia ndio ninaochezea drafti.

Jumanne, 12 Machi

Kila mtu karudishiwa dawa yake. Ya kwangu mke wangu anaitunza mwenyewe, ndani ya kombe. Asubuhi ananiletea, nameza akinitazama mdomoni. Anadhani ni adhabu. Mabingwa wangapi wanapata dawa yao kutoka kwenye kombe lao?

Shemeji hasemi nami. Atazoea.

Halafu leo nimesikia kwamba fundi viatu wa jirani anatumia zile za kupunguza kasi ya moyo. Na mwezi ujao ni mashindano ya karata! Mtu ambaye moyo haumwendi mbio, nani atamjua ameshika karata mbovu?

Kesho nitapita kumsalimia. Nitamuuliza tu kama dawa yake inamwamsha usiku. Yangu hainiamshi hata kidogo.