Ombi la Kujengewa Ukuta wa Kuficha Bahari

Batac, Jumapili jioni

Kwa Mkuu wa Barabara ya Pwani,

Mheshimiwa,

Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na miguu haiwavimbi kwa joto hili. Mimi ni Erlinda Agbayani, mama yake Dexter, yule fundi wa majokofu mwenye cheti. Kama hujamsikia, muulize padri wetu. Maji ya baridi anayokunywa ni kazi ya mwanangu.

Nalalamika juu ya bahari yako. Imezidi uzuri, na kwa sababu hiyo mwanangu ameshindwa kuposa.

Jumatano nilikuwa nikipiga pasi shati lake, nikakuta pete mfukoni. Nilimwambia dada yangu Pura peke yake. Pura naye akawaambia wengine, mmoja mmoja, kwa siri. Jioni Dexter akaniambia, "Mama, Jumamosi naenda Pagudpud na Maricris kupumzika. Sisi wawili tu."

Nikamjibu, "Sawa mwanangu, wawili tu," nikaenda kukodi gari kubwa. Mtu ataendaje kupumzika ufukweni bila mama yake, mama zake wadogo, wajomba na sufuria ya umeme ya wali? Atapumzikaje na njaa?

Maricris ni mwalimu, mpole, na wali anaongeza bila kubembelezwa. Lakini ameitwa kufundisha ng'ambo, na kesho lazima awajibu. Sasa ona barabara yako ilivyotuharibia:

1. Bahari imewekwa upande mmoja tu. Tulipoiona, gari zima lilihamia kushoto, Pura akakalia kuku wetu wa adobo, yule wa kupikwa kwa siki, na Dexter akabanwa dirishani, mbali na mchumba. Barabara ya haki ingekuwa na bahari pande zote mbili.

2. Sehemu za kusimama na kutazama mandhari ni nyingi mno. Kila mara Dexter alisema, "Maricris, njoo tuione bahari kidogo." Nasi tukashuka, maana mandhari ni ya wote. Alipoanza kupiga goti tuliinua simu zetu kwa heshima. Mwanangu akatutazama, akaokota kokoto, akasema, "Jiwe zuri hili." Amerudi na mfuko mzima wa mawe.

3. Upepo. Pale kwenye mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme kwa upepo alifungua kinywa aseme, nywele za Maricris zikaingia zote. Mjomba wake Dexter akapiga kelele, "Tema kwanza, halafu useme!" Ushauri mzuri, lakini wakati ulikuwa umepita.

4. Jua lenu huzama bila taarifa. Dexter alikuwa amekodi kibanda cha watu wawili, tukajibana humo wote. Alipomwita Maricris nje walione jua, nilikuwa bado natafuta miwani. Nikamwambia, "Ngoja, nisikose!" Akangoja. Jua halikungoja.

Kwa hiyo naomba ujenge ukuta mrefu kuanzia Burgos hadi Pagudpud. Uwe na mlango, na ufunguo wapewe familia ambazo vijana wao wameshaoa. Ukuta ukikushinda, basi bahari isogezwe nyuma hadi harusi ipite. Sisi si watu wa makuu.

Msalimie mkeo, watoto, katibu wako, na yule bwana anayefyeka nyasi kando ya barabara. Kazi yake tumeiona, hata kwenye picha imetoka vizuri.

Ni mimi ninayekuheshimu na kuusubiri ukuta,

Erlinda Agbayani
(mama yake Dexter, fundi mwenye cheti)

Nyongeza: Mheshimiwa, usijenge! Nilikuwa nafunga bahasha hii Maricris akaingia kuniaga, pete kidoleni. Nikapiga yowe hadi jirani akaja na ndoo ya maji. Kumbe Dexter alimposa leo tukirudi, nyuma ya kituo cha mafuta, karibu na mashine ya kujaza matairi upepo, sisi sote tulipovuka barabara kuipiga picha bahari. Kazi ya ng'ambo ameikataa. Nikamuuliza Dexter aliyekuwa nyuma yake, "Mwanangu, kwa nini pale penye matairi?" Akasema, "Mama, ndipo mahali pekee mlipotugeuzia mgongo."

Bahari iache hapo hapo, na ukiweza iongeze. Wamesema fungate watakwenda huko huko, wao wawili tu. Tumeshakodi basi.