Katuni Zangu na Ukaguzi wa Algot

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Göteborg. Mvua. Leo nimeapa: jina langu, Östen Rosvall, litaingia kwenye dirisha la watunzi.

Mwaka wa tatu huu najitolea katika kikundi cha Koltrast. Tunatengeneza programu ya kuchezea video, bure kwa kila mtu. Ukibonyeza "Kuhusu" linafunguka dirisha lenye majina kumi na moja. Langu halimo. Mama amelifungua mara mbili na kuniuliza kama nina hakika ni kikundi hichohicho.

Toleo jipya linatoka Jumapili. Ragnhild, mkuu wetu, kasema atakayeiwezesha programu kucheza katuni za mtandaoni, jina lake litaingia. Katuni zangu, yaani sehemu ya programu inayozicheza, ziko tayari! Nimezijaribu kwa faili la mpira mwekundu unaopita katikati ya kioo cha kompyuta. Unapita vizuri kabisa.

Tatizo ni sheria. Kazi ya mtu haiingii mpaka mwenzake aisome, kisha aandike kwenye barua pepe za kikundi: nimesoma, ipite.

Jumanne, 7 Novemba

Nimetuma. Sixten kajibu baada ya saa moja. Huyu ndiye anayeshughulikia video za mtandaoni, na kimbelembele chake hakina dawa. Ana maoni kumi na manne. Kumi na moja ni kuhusu nafasi tupu mwishoni mwa mistari. La mwisho anauliza, eti bwana Östen, hii umeiandika ukiwa macho?

Wengine kimya. Hakuna aliyesoma. Nimeumia, sitaficha.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepata dawa. Anaitwa Algot, anaishi Kiruna, mbali kiasi kwamba hakuna atakayemwalika kahawa. Nimemfungulia anwani ya barua pepe wakati wa chakula cha mchana. Saa nane kajitambulisha kwa kikundi. Saa nane na nusu keshasoma katuni zangu. Ipite, kasema.

Ili asionekane wa kupangwa, nikampa na kazi ya Sixten aichambue. Nilitaka amtie adabu kidogo. Balaa, nikakuta kosa la kweli. Algot akalieleza kwa upole. Sixten kamshukuru mbele ya watu wote. Mimi hajawahi kunishukuru hata kwa kumfungulia mlango.

Alhamisi, 9 Novemba

Ragnhild kamwomba Algot asome kazi nyingine tatu. Angekataaje, naye mgeni? Nimewaambia kazini jino linaniuma. Nimesoma kutwa nzima, macho yananiwasha. Algot kampa kila mtu jibu refu na la heshima.

Jioni Sixten kaniandikia mimi binafsi. Kanishauri nijifunze kwa Algot. Yule mtu, anasema, anasoma kweli, hana makuu. Nilifurahi kwa dakika nzima ndipo nikakumbuka.

Ijumaa, 10 Novemba

Mkutano wa kahawa katika chumba cha kikundi, ghorofa ya pili. Ragnhild kafungua katuni yake mwenyewe, ng'ombe anayecheza dansi. Muziki sawa. Ng'ombe miguu juu, kichwa chini, majani yanaota kutoka mbinguni. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Basi nimeumbuka. Mpira haujui juu wala chini, ningejuaje? Kabla sijavua koti Sixten keshamgeuza ng'ombe kwa mstari mmoja.

Nikadhani angalau Algot atalaumiwa, yeye ndiye aliyepitisha. Wapi! Ragnhild kasema masikini Algot, moyo wake mwema, kaona aibu kumkatisha Östen tamaa. Ikabidi niende kwenye kompyuta ya maktaba, Algot aombe radhi. Kaomba vizuri mno. Wamezidi kumpenda.

Na aliyeharibu programu ndiye anayeleta keki. Desturi ni desturi. Algot yuko mbali, keki ni yangu.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimebeba keki ya kijani kwenye mvua. Ragnhild kasoma majina mapya ya dirishani. Sixten, kwa katuni na video za mtandaoni. Algot, mkaguzi mkuu. Kisha akaomba kisu cha keki.

Uvumilivu ulinishinda. Nikasimama nikawaambia Algot ni mimi. Sixten akacheka taratibu, akaniambia, "Kaa chini, ndugu yangu. Algot ana adabu."

Nikaomba kompyuta palepale, Algot akakiandikia kikundi: mimi ndiye Östen, wekeni jina lake badala ya langu. Ragnhild kaisoma kwa sauti. Machozi yakamlengalenga. Akasema mnaona utu huo, kamwona mwenzake anaaibika, kaamua kumwachia nafasi yake. Na Östen ana bahati, Algot kamwachia hadi neno la siri la anwani yake. Hawatakubali, jina la Algot linabaki.

Nikala vipande viwili vya keki. Uchungu tu.

Jumapili, 12 Novemba

Toleo limetoka. Mama kapiga simu kuuliza huyo Algot ni kijana wa nani, anaonekana wa maana.

Sasa nimejua nilipokosea. Algot alikuwa peke yake. Mtu mmoja hatoshi. Asubuhi nimemfungulia anwani Hjördis, wa Umeå, mhandisi mstaafu, mkali, hapendi upendeleo. Saa tano keshajitambulisha. Saa saba Ragnhild kafurahi sana, kamwachia aamue mwenyewe nani asimamie katuni katika toleo lijalo: mimi au Sixten.

Hatimaye! Nimechemsha kahawa, nimezipanga kazi zote mbili kwenye meza, nimezisoma mstari kwa mstari. Nimesoma tena.

Ya Sixten ni nzuri zaidi. Hjördis hana budi kusema hivyo, ana heshima yake ya kulinda.