Mrija Usioziba

Jumatatu, 4 Novemba

Joto la Asunción limeanza vituko vyake. Sijali. Kampuni mbili zinazowania zabuni ya ofisi yetu ya hataza, hati za kulinda uvumbuzi, zimetufungulia kanzidata zao kwa majaribio: uvumbuzi wa dunia nzima, hadi Ijumaa! Kamati ni mimi na Ña Obdulia, mkaguzi wa maombi, mama asiyecheka kabla ya chakula cha mchana. Tuchague moja, serikali ilipie mwaka mzima.

Nimefungua, nimeduwaa. Mtu amevumbua kofia inayojiinua yenyewe bibi akipita. Mwingine, viatu vya bata. Na nalipwa mshahara kutazama haya.

Nina siri. Nimetengeneza mrija wa kunywea tereré, chai yetu ya baridi, usiozibwa na majani ya yerba. Una springi ndani. Nataka kuuombea hataza, mradi asiwepo aliyenitangulia.

Jumanne, 5

Kampuni ya kwanza. Nimeandika "bombilla", kama kila Mparagwai anavyouita mrija wake. Zimekuja taa. Kumbe kwa Wahispania bombilla ni balbu! Balbu za kulea vifaranga. Balbu ya kumeza, daktari aone tumbo. Nimesoma balbu mpaka chakula kimepoa. Binadamu ni kiumbe wa ajabu.

Mrija, hakuna hata mmoja. Mimi ni wa kwanza duniani.

Jumatano, 6

Kampuni ya pili, neno lilelile. Mirija, kurasa kwa kurasa. Nimefunga haraka kabla sijauona wangu.

Mpango umejileta wenyewe. Serikali inunue ile ya kwanza. Ombi langu likimfikia Ña Obdulia, atatafuta, ataona balbu, atagonga muhuri. Nimeandika ripoti ya kuisifu hadi nikaona haya kidogo.

Alhamisi, 7

Ña Obdulia ameisoma ripoti huku akinywa tereré yangu kwa mrija wangu. Akauliza kulikoni kampuni hii naisifu kama mchumba. Nikasema ni kasi yake. Akasema haya, tuone hiyo kasi.

Kwenye kisanduku cha kutafutia hakuandika neno. Aliandika namba ya fungu la vyombo vya kunywea, ambamo wavumbuzi wa lugha zote hupangwa pamoja. Mirija ikamwagika. Mmoja ni wa Posadas, mwaka 1931, wa fundi saa Teófilo Krawczuk. Springi yangu. Mkunjo wangu. Hata kitundu cha pembeni, ambacho mimi nilikitoboa kwa bahati mbaya!

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mtu nisiyemjua, kabla mama yangu hajazaliwa, alikerwa na majani yaleyale, akaketi akawaza hatua kwa hatua kama mimi. Mwili ulinisisimka. Nilitamani kumpa mkono.

Ña Obdulia akautoa mrija kinywani, akaukagua, akautazama mchoro.

"Pole, Don Eulogio," akasema. "Ila kweli hauzibi."

Ijumaa, 8

Kampuni ya kwanza imeshinda. Ripoti yangu imesifiwa kwa umakini wake.

Nimebuni kifuniko cha kuzuia nzi kwenye guampa, kikombe chetu cha pembe. Nimeandika "guampa kifuniko nzi". Sifuri. Dunia yote hii, watu wote wale na kofia zao, na hakuna aliyewaza! Nimebaki nimeshika kichwa kwa mshangao.

Ña Obdulia ameuliza kama nimetafuta kwa namba. Nimemjibu kwamba namba ni za watu wasiojiamini. Jumatatu napeleka ombi.